Spoki ya Sitini

Baba yangu, Famau Lali, hakuwahi kushika usukani.
Amu kwetu gari lingepita wapi?
Kichochoro cha kwa Bi Mwanaheri, punda akibeba matofali
unapanda kizingitini umpishe,
na bado mkia wake utakupangusa kanzu.

Lakini alilijua gari moja kuliko wenye magari:
la mashindano, jekundu, la mwaka thelathini na nne,
kiti kimoja, mdomo mrefu kama wa chuchunge,
namba nane ubavuni.
Alilijua kwa picha aliyoletewa na Bwana Renzo wa Malindi.
Mle ndani babu yake Renzo amesimama na miwani kipajini,
amekunja uso kana kwamba jua linamdai.

“Urefu mita tatu na themanini na nne.
Gawa kwa ishirini na nne.”
Nilikuwa darasa la sita. Niligawa nyuma ya kipande cha msasa.
“Sentimita kumi na sita.”
“Basi ikizidi unene wa ukucha, si gari tena, ni mdoli.”
Nikaendelea kugawa, peke yangu, kwa utundu:
baba akawa na kimo cha kidole changu cha shahada,
kichochoro chetu sentimita tano,
gari sita na nusu.
Hata likiwa dogo vile, halipiti.

Mwili ulitoka kwenye msaji uliobaki katika mlango wa watu.
Matairi, kandambili yangu ya kushoto. Nililia.
Mabomba ya moshi, sindano za zahanati zilizochemshwa mara tatu.
Kuhusu ile rangi nyekundu,
mama alitafuta chupa yake ya rangi ya kucha wiki nzima
na hakuna aliyefungua kinywa.

Picha ilionyesha upande wa kushoto tu.
Fundi mwingine angekisia.
Baba aliandika barua, akangoja.
Miezi miwili gari lilikaa kidakani,
kushoto limetimia hadi vichwa vya misumari,
kulia ubao mtupu,
kama mtu aliyekimbia kinyozi katikati ya kunyolewa.
Jibu likaja: upande ule una bonyeo,
babu alilipiga teke siku aliyoshindwa.
Baba akachonga na teke.

Spoki zilikuwa sitini kila gurudumu,
nyaya za shaba kutoka mota ya kinu iliyoungua,
zikikutana kwenye kitovu kidogo kama punje ya mtama.
Usiku alikuwa akipumua kupitia puani, taratibu,
ili pumzi isipeperushe kazi.

Renzo akaja, akalipa, akavuka Manda kuwahi ndege.
Usiku ule mkeka wa baba ulikunjuliwa, ukakung'utwa.
Alikuwa amekata nyaya mia mbili na arobaini.
Mkekani imebaki moja.

“Yeo hulali?” mama akauliza. “Nani atakayehesabu?”
“Mimi nimehesabu.”

Aliandika tena: tafadhali, hesabu, niambie ni gurudumu gani.
Renzo alijibu kwamba gari ni zuri mno,
na kwamba wageni wote wanalisifu.
Baba akaisoma barua mara moja, akaikunja,
na tangu hapo akachonga milango tu.

Mwaka jana nilikwenda Malindi.
Renzo hayupo, baba hayupo.
Binti yake alifungua kabati la kioo, akaniwekea kahawa mbali na mkono.
Nikatoa kopo la dawa ya kifua,
ndani yake ule uzi wa shaba, sasa umeshika kijani,
nikautumia kuwa kijiti cha kuhesabia.
Sitini.
Sitini.
Sitini.
La nne, la chini ya teke, nililihesabu polepole,
nikipumua kupitia puani.
Sitini.

Kahawa ilikuwa imepoa.
“Zipo ngapi?” binti wa Renzo akauliza, kwa adabu tu.
Nikaufunga uzi koponi.
Mia mbili arobaini na moja, nilitaka kusema,
lakini wa kuambiwa hakuwa yeye.
“Zimetimia,” nikasema.