Benchi la Chini

Sauna yetu ina mabenchi matatu
ya msonobari, yamepandana kama ngazi,
na babu aliyeyapigilia misumari hakutumia kipimo.
La juu limeinama upande wa dirisha.
La kati lina fundo linalotoa ulimbo kila Jumamosi,
ukisahau linakuunguza paja.
La chini liko sawa. Ndilo alilolijenga mwisho,
alipokwisha kuijua kazi.

Hapo chini ndipo nilipoanza.
Beseni la bati, maji ya uvuguvugu,
kiganja cha mama chini ya kisogo changu.
Sikumbuki. Nimeambiwa.
Nimeambiwa pia kwamba nililia hata mvuke ukaona haya.

Nikiwa na miaka sita nililitazama la kati
kama mtu atazamavyo ng'ambo.
Huko walikaa binamu zangu, Rauni na Sisko,
wakihesabu sekunde, wakinining'inizia visigino usoni.
Joto hupanda juu, alisema baba,
na mtu hupanda kulifuata. Usiharakishe,
halitakukimbia.
Nikaharakisha. Nani asiyeharakisha?
Nikadumu pumzi kumi na moja,
nikatoka mbio hadi thelujini, uchi, mshindi.

Halafu ikaja ile miaka ya taulo.
Kumi na tatu, kumi na nne:
mwili ulinifikia kama barua ya mtu mwingine
iliyokosea nyumba,
nami sikuthubutu kuifungua mbele za watu.
Nilioga peke yangu, wa mwisho, mawe yamekwisha kupoa.

Ishirini: juu kabisa.
Magoti kidevuni, kichwa darini,
mimi na Jorma, ambaye hakuja kuwa mume wangu,
tukiyamwagia mawe kata baada ya kata
tuone nani atashuka kwanza.
Hakuna aliyeshuka. Tuliachana mwezi wa nne,
barafu ya ziwa ilipoanza kupasuka,
kila mtu akiwa bado juu.

(Thelathini sina la kusema. Nilikuwa na watoto wawili,
nilioga nimetega sikio.)

Baba sasa ana miaka themanini na mitatu.
Jumamosi iliyopita aliukataa mkono wangu,
akapanda la kati, akalitazama la juu,
akalitazama kama mtu atazamavyo ng'ambo,
mguu mmoja hewani
ukifikiri.
Ukarudi.
Nikajifanya natafuta kata.
Aliye juu mngoje chini, husema watu;
hawakusema akifika utampokeaje.
Alishuka kwa makalio, daraja kwa daraja,
akatia miguu katika beseni lile lile la bati,
na Eelis, mjukuu wangu, kitukuu chake,
miaka minne, povu masikioni,
akamwambia bila hasira:
"Hapo ni pangu."

Baba hakusema nilikutangulia.
Alisogea shubiri moja.
Wakakaa wawili, miguu minne majini,
mmoja ngozi imemzidi, mwingine imembana,
wakabishana kuhusu samaki:
kama hulala macho wazi chini ya barafu.

Mimi nilikuwa kati.
Hakuna methali ya benchi la kati.
Mtu hulipita akipanda, hulipita akishuka,
na akiulizwa alikaa wapi siku zake nyingi
hutaja lile la juu.
Juzi nimehesabu: nimekaa hapa miaka tisa,
na ulimbo haujaniunguza hata mara moja.
Paja limeshajua fundo lilipo.

"Mwaga kidogo," alisema baba.
"Mwaga mengi," alisema Eelis.
Nikamwaga. Mawe yakaguna.
Mvuke ukapanda kwanza kwenye benchi lisilo na mtu,
ukakaa pale kidogo
kabla ya kutushukia.