Makopo ya Watu Watatu

Siku thelathini na tano, ukikisia vizuri.
Mimi huongeza nusu. Bahari haijui kuhesabu,
na Evaristo, akishika penseli, hajui kukisia.

Soko la mtoni Valdivia hufunguliwa ukungu ungali umelala.
Simba wa bahari wamejibwaga gatini, wananuka, wanakoroma,
wanangoja vichwa vya samaki kama wadai.
Nikamwambia Bi Clodomira: mayai mia na themanini,
ya leo, yasiyowahi kuonja friji.
Akauliza harusi ni ya nani.
Nikasema tunakwenda Mangareva.
Akadhani ndilo jina la bwana harusi.

Usiku tuliyapaka mafuta ya mgando, moja moja,
kama mtoto anayepelekwa shule siku ya baridi.
Kila siku ya pili nitayageuza,
kiini kisilale upande mmoja kikagusa ganda.
Maboksi yalibaki nchi kavu: mende hutaga katika mikunjo yake,
nami sitaki abiria nisiowaalika.
Kabichi nimezivisha gazeti la Jumapili.
Vitunguu mbali na viazi, maana vikikaa pamoja huozeshana.
"Kama kaka zangu," alisema Evaristo.
Sikucheka. Nilikuwa nahesabu.

Halafu makopo.
Karatasi zote tulizibandua,
kwani karatasi ikilowa huteleza,
ikiteleza huenda kuziba pampu;
wahenga hawakuijua pampu, lakini walishasema:
tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Juu ya kila kifuniko, wino mweusi:
D dengu, N njegere, P mapichi.
Nusu ya herufi hizo ni mwandiko wa Rayén.
Kwenye jodari alichora samaki mwenye miwani,
kopo baada ya kopo, hakuna wawili wanaofanana.
Hiyo ni wiki ile ambayo bado alikuwa anakuja.

Ana miaka kumi na saba.
Alisema jikoni, amesimama,
mkono kwenye mlango wa friji ambayo tulikwisha kuiuza:
"Mama, mimi nabaki Niebla kwa shangazi."
Hakulia.
Mimi nikaanza kuzungumzia viazi.

Baba yake akapiga hesabu upya: tu wawili,
tupunguze theluthi,
mashua itainuka majini vidole viwili.
Nikasema sawa.
Sikutoa hata kopo moja.
Kitanda cha omoni, ambacho kingekuwa chake,
nimekijaza unga, hamira, mchele,
nikafunga wavu pembeni visiporomoke,
wavu uleule, fundo lilelile,
tuliomfungia yeye alipokuwa na miaka miwili.

Afisa wa bandari, muhuri mkononi: "Watu wangapi?"
Evaristo akanitazama.
"Wawili," nikasema,
na neno likaanguka kama sarafu kwenye sakafu ya duka,
kila mtu akageuka.

Maji ya kupwa yakatuchukua hadi nje ya Corral.
Upande wa Niebla, juu ya mwamba, chini ya mnara wa taa,
kulikuwa na kitu cha njano:
koti, au tangazo, au pipa.
Nilivipungia vyote vitatu.
Evaristo akatweka tanga kuu, winchi ikalia,
mashua ikainama bega
na kila nilichokipanga kikajipanga upya.
Kisha wimbi la kwanza la nje,
refu, lisilo na haraka,
likatuinua, likatutua,
na chini ya sakafu makopo yakaanza kugongana,
yakiulizana.

Siku ya tisa unyevu ulikuwa umekula wino.
D ikawa duara, P ikawa kijiti,
miwani ikabaki bila samaki.
Tulifungua tusichokijua: mapichi.
Nilipakua huku nimejishikiza kwa nyonga kwenye jiko,
sahani moja, ya pili, ya tatu,
ndipo mkono ukanipa habari.

Evaristo hakusema neno.
Alikula yake,
akavuta ile nyingine,
akaila polepole, mpaka maji yake.