Nyumba ya Tatu Kupita Kinu

Maktaba ya Žilina, ghorofa ya chini.
Drahomíra anafungua juzuu la magazeti
ya mwaka thelathini na tatu,
anapiga chafya; mkutubi anamtupia jicho.

Anaitafuta Brezinka, kijiji cha bibi yake,
kilichozama bwawa lilipojengwa.
Ramani mpya zina buluu tupu.
Vitabu vya taifa vina wafalme, mikataba, vita;
Brezinka haimo, hata kwenye tanbihi.

Ukurasa wa sita, chini ya dawa ya mafua,
wino umefifia kama chai ya majani ya jana:
«Amepotea ng'ombe mwekundu, mwenye pembe moja.
Atakayemwona amlete kwa Ondrej Kubala,
nyumba ya tatu kupita kinu cha maji, Brezinka.»

Ya tatu. Kupita kinu.
Kumbe palikuwa na kinu, na njia ya kukipita,
na nyumba ya kwanza, na ya pili,
na mtu wa kuzihesabu.

Ananakili kwa penseli; wino hauruhusiwi humu.
Kengele ya kufunga inalia.
Yeye anapekua toleo la wiki iliyofuata,
kidole kinashuka safu kwa safu:
je, ng'ombe alipatikana?