Chupa

Saa nane usiku mashine imeniita,
mlio mfupi, kama mtu anayekohoa kwa adabu.
Chupa namba mia nne kumi na saba.
Jina: Mbuke. Umri: thelathini na moja. Atokako: Kayenze.
Kwenye maelezo daktari kaandika "homa, siku tisa",
kalamu ikakauka hapo.

Sijawahi kumwona. Ninachokijua ni damu yake,
mililita nane, iliyofika ingali na joto la kiganja
cha muuguzi aliyekimbia nayo ngazini.

Siku tisa. Nazijua bila kuambiwa.
Ya kwanza, dukani: panadol mbili na soda.
Ya tatu, kipimo cha malaria, mstari mmoja tu;
wakampa dawa ya mseto hivyo hivyo,
maana huku kando ya ziwa kila homa ni malaria
mpaka ijitetee.
Ya sita, dada mtu anauliza: ulikula nini?
Hajaharisha. Hajatapika.
Tumbo limekaa kimya kama shahidi aliyehongwa.

Kliniki huwaita askari wa mwili.
Wake walikuwa themanini na wawili,
kipimo hicho nacho nilikisoma mimi.
Kadi yake haina muhuri miezi mitano:
alifuata dagaa visiwani,
kliniki haikumfuata.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakuwa na darubini.
Natandaza tone kwenye kioo, napaka rangi, nasuuza, nainama:
vijiti vya waridi, vifupi,
vimekaa bila haraka
kama wapangaji waliokwisha lipa kodi.

Napiga simu wodini. Inaita. Inaita.
"Kitanda cha kumi na moja. Msisubiri kuche."
Nasikia ndoo, viatu vya mpira,
kisha daktari wa zamu: "Mdudu gani?"
Hapo ndipo ninapokuwa fukara.
Jina lake sina mpaka kesho,
dawa inayomuua mpaka keshokutwa.
Anataja sindano. Namwambia anzia hapo.

Kesho yake sahani imeota
madoa mekundu, kila doa na kiini cheusi,
macho ya dagaa waliomwagwa mchangani,
yote yananitazama mimi.
Keshokutwa, dawa tatu za zamani:
wameota mpaka ukingoni mwa karatasi
kana kwamba hakuna aliyewasemesha.
Ya nne, ile ya sindano, imechora duara tupu.
Nikalipima kwa rula. Milimita ishirini na saba.
Nikatia sahihi. Majibu yakapanda ngazi,
na hakuna karatasi ishukayo
kuniambia kama yalimkuta.

Jumamosi moja, mwezi umeshapita, mwalo wa Kirumba.
Mwanamke mwembamba anapima dagaa,
weusi wa sindano bado kiwikoni.
Mwenzake akaita, "We Mbuke, una chenji?"
Akina Mbuke ni wengi upande huu.
Swali likanijaa kinywani,
kiapo changu hakina mlango wa kulitolea.
Nikauliza kisado ni bei gani.
Akataja. Nikasema ghali.
Akacheka, akaongeza konzi moja juu,
na mkono haukutetemeka.