Makosa ya Kupima

Kanuni ya saba imebandikwa juu ya ubao
kwa uji wa ngano, maana ofisi haina gundi:
*Mwalimu na mwanakisomo wasiwe na mahusiano.*
Niliinakili mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa sherehe,
mwaka ule nilipokuwa na hakika ya kila kitu.

Shule ya msingi, Pasua, saa kumi na mbili jioni.
Watoto wametuachia vumbi la chaki na soksi moja.
Watu wazima wanaingia, wanakunja magoti
chini ya madawati ya miaka minane.
Aminieli Temba, hamsini na mbili, fundi bomba,
hukaa dirishani, goti moja nje,
kama mtu anayeweza kuitwa wakati wowote.

Alifuata barua kumi na moja
alizoziacha mama yake kwenye debe la kahawa, Uru.
Jirani alijitolea kumsomea. Akakataa.
"Mama alikuwa anasema na mimi," alisema, "si na jirani."

Mwezi wa nne akasoma ya kwanza. Ilihusu mbuzi.
Mwezi wa tano akafika ya tisa, akalia,
nami nikageukia mlima, ambao jioni ile haukuwapo,
nikalitazama wingu kana kwamba limeniuliza swali.

Juni, makosa yakaanza.
*Myumba. Mwalim. Kukku.*
Mtu aliyesoma "wasingalinisahau" bila kukwama
hajikwai kwenye kuku.
Kalamu nyekundu ilijua kabla yangu.
Nikasahihisha. Akakosea. Nikasahihisha polepole zaidi.
Hivyo ndivyo tulivyozungumza,
mbele ya watu kumi na tisa na kanuni ya saba.

Na mimi je?
Cheti chake kilishuka kutoka wilayani mwezi wa saba.
Nilikitia kwenye droo, chini ya rejista.
Nikajiambia jina lina kosa: wameandika Temba bila H.
Temba haina H.

Mwalimu Ndeshi akacheka hadi chai ikammwagikia.
"Wewe mjane, yeye mgane. Mnamwogopa nani?"
Nikamwambia: Ndeshi, mtu huyu
hunyoosha mkono kuniomba ruhusa ya kwenda chooni.
Akiniambia ndiyo,
nitajuaje kama hiyo ndiyo ni ya kwake,
au ni ile ya darasa zima, "Ndiyo, Mwalimu"?
Ndeshi akafuta chai. Hakujibu.

Ijumaa daftari lake likaja limevimba.
Ndani, jani la isale, bichi, limekunjwa mara moja.
Kwetu jani hilo halirudishwi:
anayeombwa radhi kwa isale husamehe, apende asipende.
Na chini yake, bila kosa hata moja:

*Nimejifunza kusoma, jina langu naandika,*
*na barua zake mama, zote sasa zasomeka;*
*nakosea kwa kupima, sio kwamba sijashika:*
*cheti changu kikisema, mlango utafungika.*

Nilihesabu mizani kwa vidole, mara mbili.
Sikumfundisha mizani. Sijui aliitoa wapi.
Kalamu nyekundu ikakaa juu ya ukurasa
mpaka ikaacha nukta, moja, pasipohitajika nukta.

Jumatatu nikafungua droo.
Nikamwita mbele kama ninavyowaita wote,
wakapiga makofi, Mama Kiwelu akapiga kigelegele.
Alipokea kwa mikono miwili, akasoma jina lake polepole,
akaangalia kama kuna H.
"Samahani ya kuchelewa," nikasema.
Sikuwa na jani. Ilinibidi kusema tu.

Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya Temba A.
Mstari ulinyooka. Hilo nalo lilinikera.

Leo ni Alhamisi. Dirishani amekaa kijana wa bodaboda,
anaandika *nyumba* vizuri kabisa, bila sababu.
Namba ya fundi imo nyuma ya lile daftari,
tarakimu kumi, saba zake zimekatwa katikati.
Bomba la jikoni kwangu ni zima.
Nimelitazama siku tatu,
spana mkononi.