Riali Kumi na Nne

Kijana wa kampuni alikuja Maabela saa saba mchana,
jua limekaa ukutani kama mdai.
Akanywa maji glasi mbili, ndipo akakunjua karatasi:
huu wako, mzee wangu, riali ishirini na tano;
huu mpya, thelathini na tisa, na kwa kasi yake
sinema nzima inashuka kabla chai haijapoa.

Nikamwambia, chai yangu mimi huinywa imoto.

Lakini usiku nilipiga hesabu, sikufichi,
nyuma ya risiti ya samaki:
filamu moja sasa hivi, dakika arubaini;
kwa huo mpya, sita.
Naokoa dakika thelathini na nne.
Na nijuavyo mimi, filamu yenyewe siimalizi,
majina ya waigizaji hayajesha kupita
nishakoroma, Wadha ananivua miwani.
Riali kumi na nne kila mwezi
ili usingizi unikute mapema!

Anayetaka hasa ni Azzan, kitinda mimba wetu.
Hukaa mbele ya ule mstari wa buluu,
asilimia sitini na moja,
sitini na moja,
sitini na moja,
kama sisi zamani kwenye bomba la mtaa,
ndoo chini, macho kwenye tone.
Akichoka huja jikoni.
Hudokoa tende, huegemea friji,
huniuliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani.
Dakika arubaini zinatosha kufika kwa babu,
hata kwa baba yake babu, na kurudi.

Hili sikumwambia kijana.
Halina safu katika karatasi yake.

Nilikaribia kutia saini kwa ajili ya mama.
Kila Ijumaa humpigia dada yake aliyeko Wete,
na uso wa Bi Mwanaisha huganda kiooni,
mdomo wazi, katikati ya jina la mtu.
Nikauliza: hii mpya itamfungua mdomo?
Kijana akatazama viatu vyake.
Akasema kweli, na kwa hilo nampenda:
Mzee, kamba inashikwa na wawili. Kule ni kule.

Karatasi ipo juu ya friji, haina saini, haijatupwa.
Azzan huipitia kila siku kwa jicho la pembeni.

Na mama ameiegemeza simu kwenye chupa ya kahawa,
anamngoja dada yake atikisike.
"Leo kaganda vizuri," anasema.
"Tazama, kaganda anacheka."