Hapa Hadi Pale

Pilista Awuor kaingia na flashi ndani ya leso,
imefungwa mafundo mawili pamoja na noti ya mia mbili.
Kibuye, Jumanne, mvua imeanza kugonga mabati.
"Alhamisi nasimama mbele ya chifu. Nifungulie."

Kompyuta yangu haina bwana.
Mfumo wake nilipewa bure, bure ya halali,
pamoja na ruhusa ya kuupasua nione matumbo yake
na kumgawia jirani.
Nikachomeka. Nikabonyeza.

Sauti ikaja. Picha ikagoma.
Giza, na ndani ya giza Ogweno, shemeji yake, akitamka:
"Shamba la marehemu ni kuanzia hapa
hadi pale. Kule ni kwangu."
Jogoo akawika. Mtu akakohoa.
Hapa wapi? Pale wapi?

Chini ya giza, maandishi madogo:
kodeki haipo; katika baadhi ya nchi
kuiweka bila leseni huenda ni kosa.
Nikabaki na neno hilo, baadhi.
Kisumu ni baadhi? Na hiki kibanda changu je?

Nikamweleza: picha ni nzito, husafirishwa imekaushwa,
na yuko mtu, mbali, mwenye hataza
ya namna ya kukausha na namna ya kurudishia maji.
Hadai picha yako. Anadai namna.

Yeye huuza omena. Alicheka mpaka akashika meza.
"Nami ninayeanika tangu meno ya utoto,
nimlipe nani nikitia maji sufuriani?"

Hataza hufa, nikasema. Miaka ishirini, basi.
Ile ya sauti ilishazikwa, ndiyo maana Ogweno anaongea.
Ya picha ingali hai.

"Mimi nimekwambia Alhamisi."

Wapo waliokesha wakaiandika upya namna hiyo,
bila malipo, kisha kwa kuhofia mawakili
wakaiacha nje ya mlango:
anayeitaka ajiokotee, mkono ni wake.
Nikaunyoosha wangu.

Dakika nne. Bando la shilingi ishirini.
Kisha mwanga, kijani, vumbi,
Ogweno na shati lake la kanisani,
kidole kimenyooka kwenye mkonge uliopinda.

Pilista akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
Akaufuta kwa leso. Akaugusa mkonge.

"Hapa," akasema.
"Waliung'oa Januari."